Njia ya Wapagazi: Kutoka Kengeleni Hadi Mumias

(Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni. Masomo: Yeremia 6:16, 1 Samweli 4:19–22)

 

Kila mwaka shule zifungwapo, makanisa yetu mengi hukodi basi, yakawapeleka vijana Mombasa. Huko huiona bahari, huogelea, hula mahamri, hupiga picha, kisha hurudi nyumbani. Hakuna ubaya. Mungu ndiye aliyeiumba bahari. Lakini nimewaza mara nyingi juu ya lile basi. Lapita Kibwezi, abiria wamelala. Lapita Mackinnon Road, wangali wamelala. Lapita Mazeras, hapo ndipo mmoja aamkapo na kuuliza, "Tumefika?" Hajui ya kwamba usiku kucha amekuwa akisafiri karibu na njia ya kale, njia ambayo baba zetu waliikanyaga kwa miguu mitupu, mizigo vichwani, na ambayo kwayo Injili ilipanda kutoka pwani kuja bara.

Nabii Yeremia aliwaagiza watu wake mambo matatu. Wasimame njiani, waangalie, kisha waulize habari za mapito ya zamani. Angalia sana jambo hili, ndugu msikilizaji. Nabii hakusema kwamba kila njia ya zamani ni njema. Alisema waulize ni ipi iliyo njema, waiendee hiyo. Basi leo nataka tusafiri pamoja katika njia ya misafara, kutoka Mombasa hadi Mumias, tukisimama hapa na pale. Wazee wa kanisa na viongozi wa vijana, shikeni kalamu. Huenda mkapata mahali pa kuwapeleka watoto wenu mwaka huu.

Njia yenyewe ilikuwaje? Kabla ya reli kuanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, hapakuwa na gari wala mnyama wa kubebea mizigo aliyeweza kutegemewa katika nyika hii. Mbung'o waliwaua ng'ombe na punda. Kila kitu kilichukuliwa na mwanadamu. Mpagazi mmoja alibeba ratili 60 hadi 70, yaani kama kilo 30, mbali na chakula chake, kibuyu chake cha maji na mkeka wake. Kwenda bara alichukua nguo za merikani, shanga na waya za shaba. Kurudi pwani alichukua pembe za ndovu. Msafara kutoka pwani hadi Mumias ulichukua zaidi ya miezi miwili.

Wa kwanza kuitawala biashara hii hawakuwa Wazungu wala Waarabu. Walikuwa Wakamba. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara yao ndiyo iliyoleta pembe mpaka Rabai na Mombasa. Baadaye Waswahili na Waarabu wa pwani wakaanza kwenda bara wenyewe. Wamisionari walipokuja hawakukata njia mpya. Waliifuata njia ya wafanya biashara, wakaongozwa na watu walioijua. Hilo tusilisahau.

Sasa tuanze safari. Kituo cha kwanza ni ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali na Kisauni. Hapo lipo kaburi la mama mmoja, Rosine Krapf. Mume wake, Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Kabla mwaka haujaisha, homa ilikwisha kumwua mkewe na mtoto wao mchanga. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Hata hivyo aliwaandikia wenzake Ulaya kwamba kaburi hilo liwe dalili kwao kuwa kazi ya Afrika Mashariki imekwisha kuanza. Wapeleke vijana wako hapo kwanza, kabla ya kuwapeleka kuogelea. Wasimame kimya dakika tano.

Mwendo mfupi kutoka hapo pana mahali paitwapo Kengeleni. Matatu nyingi husimama hapo, na utingo hupaza sauti, "Kengeleni! Kengeleni!" lakini ni abiria wangapi wajiulizao ni kengele gani? Ni kengele ya Freretown. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, nao mjumbe wa Uingereza aliyeanza mazungumzo hayo aliitwa Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yenye watumwa. Lakini ukishamfungua mtu minyororo baharini, utampeleka wapi? Kwao ni mbali, na wengi walichukuliwa wakiwa watoto wadogo, hata jina la kijiji chao hawalikumbuki. Mwaka 1875 Mchungaji W. S. Price wa CMS alianzisha kijiji cha watu hao, kikaitwa Freretown. Husimuliwa kwamba kengele ile ilipigwa pia kuwaonya watu wakati hatari ya wauza watumwa ilipokaribia. Kwetu sisi kengele ya kanisa hutuita kwenye ibada. Kwao ilikuwa sauti ya kusema: amkeni, wanakuja kuwachukua tena.

Kutoka Freretown tupande vilima mpaka Rabai, kama mwendo wa nusu siku kwa miguu kwa mtu mwenye nguvu. Krapf alihamia huku mwaka 1846 pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Kaya za Warabai zilikuwa hapo zamani, na wazee wa Rabai ndio waliowakaribisha. Leo pana makumbusho yenye jina la Krapf, na kanisa la Mtakatifu Paulo lingali likiabudu. Lakini msiangalie majengo tu. Ulizeni habari za Mringe. Huyo ndiye Mrabai wa kwanza kuamini. Hakuwa mzee wa kaya wala tajiri wa pembe. Alikuwa kiwete, maskini, aliyedharauliwa. Wamisionari walitumaini kubatiza makabila, Mungu akawapa kiwete mmoja. Rebmann alikaa Rabai mpaka mwaka 1875, akarudi kwao akiwa kipofu, na wakristo aliowaacha walikuwa wachache sana wa kuhesabika. Je, alishindwa? Wewe unayesikia mahubiri kwa Kiswahili leo, jibu swali hilo mwenyewe.

Tutarudi Rabai mwishoni, maana habari yake haijaisha. Sasa tushuke kwenye nyika ya Taru.

Hapa ndipo wapagazi walipoogopa. Kati ya Rabai na milima ya Wataita hapana mto. Maji yalipatikana kwenye mashimo ya miamba tu, waliyoyaita ngurunga, na kama mvua haikunyesha, ngurunga zilikuwa kavu. Leo abiria hununua maji ya chupa Mariakani, akatupa chupa dirishani Taru. Basi msimamishe dereva hapo, ushuke dakika chache saa saba mchana, ulionje lile jua.

Katika nyika hii Rebmann alipita mwaka 1848, akiongozwa na Mswahili mmoja aliyeitwa Bwana Kheri, pamoja na wapagazi wanane. Bwana Kheri alikuwa Mwislamu. Ndiye aliyejua njia, ndiye aliyejua lugha na desturi za wenyeji. Tarehe 11 Mei mwaka huo Rebmann aliona juu ya mlima mkubwa kitu cheupe. Akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Yule akajibu kwamba ni baridi tu. Rebmann akafahamu kuwa ni theluji. Alipoandika habari hiyo, mabwana wa jiografia huko London, ambao hawajakanyaga Afrika, walimcheka kwa miaka mingi. Walisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Lakini mlima haukuyeyuka kwa sababu ya kicheko chao. Kilimanjaro kilikuwa palepale. Ndivyo ilivyo kweli ya Mungu, wapendwa. Haingoji kupigiwa kura.

Tunapita mji wa Mackinnon Road, unaoitwa kwa jina la Sir William Mackinnon, mwenyekiti wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutengeneza barabara mwaka 1890 kutoka pwani kuelekea Kibwezi. Tunapita Voi, tunapita Tsavo, na sasa tumefika Kibwezi. Hapa tushuke tukae kidogo, maana hapa pana neno zito.

Mwaka 1891 Wamisionari wa Kiskoti, wakiongozwa na Daktari James Stewart aliyetoka Lovedale, Afrika Kusini, walijenga misheni Kibwezi. Fedha za misheni ile zilichangwa na wakuu wa ile Kampuni, Mackinnon akiwa mmoja wao. Walikuwa wacha Mungu katika nyumba zao, nao walitaka Injili na biashara zisafiri pamoja katika njia moja.

Lakini wakati uleule, huko mbele Ukikuyu, mambo mengine yalitendeka. Mwezi wa Oktoba 1890 Kapteni Lugard, mtumishi wa Kampuni, alijenga boma Dagoretti, akala kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga. Walichanja, wakachanganya damu, wakaahidiana amani. Lugard akaenda zake Uganda. Watu wa Kampuni waliobaki wakaanza kuchukua vyakula vya Wakikuyu kwa nguvu. Wakikuyu wakachukizwa, na boma likahamwa na kuteketezwa. Kampuni ikajenga boma lingine, Fort Smith, karibu na Kabete. Mwezi wa Agosti 1892 Waiyaki aligombana na wenye boma, akakamatwa, akafungwa minyororo, akapelekwa pwani kwa njia hii hii. Hakufika pwani. Alikufa Kibwezi, akazikwa huko.

Fikiri juu ya jambo hili, ndugu yangu. Njia moja. Mahali pamoja. Wanaume waliokuja kuhubiri uhuru wa Kristo, na mtu aliyekula kiapo cha udugu akiletwa mbele yao katika minyororo, na aliyemfunga ni Kampuni ile ile iliyowaleta wahubiri. Twasoma katika Yoshua sura ya 9 jinsi Israeli walivyoapa kuwaacha hai Wagibeoni. Walikuwa wamedanganywa, lakini wazee walikataa kuvunja kiapo, kwa sababu kiliapwa mbele za Bwana. Na katika 2 Samweli sura ya 21 twaona kwamba Sauli alipokivunja miaka mingi baadaye, nchi yote iliona njaa. Mungu hasahau kiapo, hata kama aliyeapiwa hana bunduki. Mkristo anayependa kusimulia habari njema za njia hii asiruke Kibwezi. Akiiruka, wasikilizaji wake watajua kwamba anaficha kitu, na hawatamsadiki hata akisema yaliyo kweli.

Lakini pia tusiseme nusu. Homa ya Kibwezi iliwasumbua sana Wamisionari wale, na mwaka 1898 Thomas Watson aliihamisha kazi Ukikuyu, mahali palipokuja kuitwa Thogoto, ambalo ni jina la Waskoti katika ulimi wa Kikuyu. Alifika wakati wa njaa kubwa na ndui. Watu walikufa njiani. Watson na mkewe Minnie waliwalisha wenye njaa na kuwauguza wagonjwa. Watson mwenyewe alikufa mwaka 1900. Mkewe hakurudi kwao. Alibaki Thogoto akifundisha hata mwaka 1931. Kampuni ilikuja kwa Wakikuyu na bunduki, ikaondoka. Mama huyu alikuja na uji, akakaa. Ukienda Thogoto utaona Kanisa la Mwenge, lililowekwa wakfu mwaka 1933. Likaribie ukiikumbuka Kibwezi pia.

Nimekimbilia mbele. Turudi kidogo Ukambani. Karibu na njia hii pana mlima Nzaui, mwamba mkubwa uonekanao mbali sana. Hapo mwezi wa Desemba 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wachache walianza kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Mwaka mmoja tu baadaye, Desemba 1896, Scott alikufa kwa homa, akiwa na umri wa miaka 29. Wenzake wengine wakafa, wengine wakarudi kwao. Lakini kazi haikuzimika, na mwaka 1903 makao yakahamia Kijabe. Ninyi ndugu wa A.I.C. mnajua mengine yaliyofuata kuliko mimi. Nasema tu kwamba yafaa kijana wa A.I.C. apande Nzaui mara moja katika maisha yake, aone mti wake ulipopandwa.

Machakos ni jina la Masaku, mwonaji wa Wakamba aliyekuwa mashuhuri. Kampuni ilijenga boma hapo mwaka 1889. Lakini mimi nikifika Ukambani humkumbuka Kivoi wa Kitui, mfanya biashara mkubwa wa pembe. Ndiye aliyemkaribisha Krapf mwaka 1849, na kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, Krapf aliuona mlima Kenya, ambao jina lake sasa ni jina la nchi yetu. Mwaka 1851 walisafiri pamoja kuelekea mto Tana. Njiani wakashambuliwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, Krapf akatawanyika na wenzake akabaki peke yake nyikani. Alifika mtoni usiku. Hakuwa na kibuyu. Alijaza maji ndani ya mtutu wa bunduki yake na ndani ya mfuko wa darubini, akaenda hivyo, akinywa kidogo kidogo. Bunduki ikawa kibuyu! Isaya alitabiri siku ambapo mapanga yatafuliwa kuwa majembe. Krapf aliuonja unabii huo kwa kiu.

Sasa tuteremke Bonde la Ufa. Ukishuka kutoka Kikuyu, bonde la Kedong liko chini yako. Hapo mwezi wa Novemba 1895 msafara mkubwa wa wapagazi, Wakikuyu na Waswahili, waliokuwa wakirudi kutoka Ravine, uligombana na Wamaasai baada ya baadhi ya watu wa msafara kuwatendea vibaya wenyeji. Wakauawa watu zaidi ya 500 kwa siku moja. Sisi huandika majina ya maaskofu juu ya mawe. Wale 500, ni nani aliyeandika majina yao? Wake zao walingoja njiani. Mungu peke yake ndiye mwenye orodha. Tupitapo hapo, tupunguze sauti ya muziki ndani ya basi letu.

Na sasa, baada ya Naivasha na nchi za juu, tumefika Mumias. Zamani wasafiri walipaita Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu, babaye Nabongo Mumia. Mumia alitawala tangu mwaka 1882 hata alipofariki mwaka 1949. Kila msafara uliokwenda Uganda kwa njia hii ulipumzika kwake, ukanunua chakula.

Mwezi wa Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka Rabai na watu zaidi ya 200 ili aende Uganda. Pamoja naye alikuwako mwafrika mmoja, William Jones. Ningependa umjue mtu huyu. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto. Akaokolewa na Waingereza, akapelekwa India, akalelewa na kusomeshwa na Wamisionari. Katika miaka ya 1860 alirudishwa pwani ya Afrika kusaidia kazi Rabai. Tarehe 31 Mei 1885 yeye na mwenzake Ishmael Semler waliwekewa mikono kuwa mashemasi, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika nchi hii. Haukupita mwezi wa pili tangu siku ile, Jones alikuwa njiani na Askofu wake. Mtoto aliyevutwa kwa kamba sasa alitembea kwa hiari, mtu huru, akienda kuhubiri.

Walipofika Mumias, Askofu alimwacha Jones hapo pamoja na watu wengi wa msafara, akaendelea yeye na watu 50. Alifika Busoga, akakamatwa, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na karibu watu wake wote. Wachache walitoroka wakaleta habari Mumias. Jones alingoja. Wiki zikapita. Alingoja, labda Askofu yu hai. Mwishowe, mwezi wa Desemba, akawakusanya watu wake, akaanza ile safari ndefu ya kurudi.

Walifika Rabai mwezi wa Februari 1886, wamechoka, nguo zimeraruka. Mbele ya msafara walichukua bendera yenye neno moja tu: Ikabodi. Hilo ndilo somo letu la pili. Mke wa Finehasi, aliposikia kwamba sanduku la Mungu limetekwa na mumewe amekufa, alizaa mtoto akamwita Ikabodi, akiomboleza kwamba utukufu wa Israeli umeondoka. Wajane wa wapagazi wale walisimama kando ya njia hapo Rabai, kila mmoja akitafuta uso anaoujua. Nani awezaye kumlaumu Jones kwa kuandika neno lile?

Lakini, wapenzi, ukisoma kitabu cha Samweli utaona kwamba yule mama alikufa kabla ya kujua mwisho wa habari. Sura inayofuata, sanamu Dagoni imeanguka kifudifudi. Sura ya baada yake, sanduku linarudi likivutwa na ng'ombe, wala hapana mtu aliyewaongoza. Utukufu haukuwa umeondoka. Ulikuwa safarini.

Na Rabai je? Nilisema tutarudi. Utumwa wenyewe ulikuwa ungali halali pwani, nao haukufutwa na sheria mpaka mwaka 1907. Watumwa wa mashamba walikuwa wakitoroka, wakikimbilia Rabai na misheni nyingine. Wakubwa walikataza wasipokelewe, wakiogopa vita na wenye mashamba. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 23:15, yakataza kumrudisha mtumwa aliyekukimbilia. Sasa Mkristo afanye nini: awatii wakubwa, au aitii Torati? Rabai, alipokuwa akitumika Jones, yeye aliyeijua kamba ya utumwa kwa shingo yake mwenyewe, watu waliendelea kufika, wakajenga vibanda, wakalima, wakakaa. Mwaka 1888 wenye watumwa walikasirika sana, wakataka mali yao. Ilipohesabiwa, waliotoroka walikuwa zaidi ya 1,400.

Mkuu wa Kampuni, George Mackenzie, alipofika, aliona kwamba ama watu hao wakombolewe, ama damu imwagike. Wakapatana na mabwana wao kulipa reale 25 kwa kila mtu. Kampuni, Serikali ya Uingereza na marafiki wa misheni wakachanga fedha. Na tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, hati za uhuru zikagawiwa. Mmoja mmoja waliitwa kwa majina, wakapokea karatasi.

Twaweza kusema mengi juu ya fedha zile. Ni haki gani, kumlipa mnyang'anyi na kumwacha aliyenyang'anywa mikono mitupu? Swali hilo ni la kweli, nami silifuti. Lakini mwulize yule mama aliyeishika karatasi yake, ambaye jana mtoto wake angeweza kuuzwa, naye leo hawezi kuuzwa tena. Yeye alijua maana ya neno ukombozi kuliko sisi tuliolisoma katika Katekisimo. Alijua kwamba ukombozi una bei, kwamba bei imelipwa na mwingine, na kwamba karatasi ina jina lake. Ndivyo Mtume Paulo atufundishavyo katika Wakolosai 2:14 juu ya ile hati iliyokuwa kinyume chetu, ambayo Kristo aliiondoa kwa kuigongomea msalabani.

Miaka isiyotimia mitatu tangu bendera ya Ikabodi iingie Rabai, mahali palepale watu zaidi ya 1,400 wakawa huru. Nayo mifupa ya Askofu Hannington, iliyolazwa kwa muda Mumias, ikachukuliwa mpaka Uganda, ikazikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892, na Mwanga yule yule alikuwapo maziko yakifanywa.

Basi tumesimama, tumeangalia. Sasa tuulize: njia njema ni ipi? Njia ya pembe imekwisha. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wapagazi wakatua mizigo. Lakini biashara ile ya zamani yaweza kuendelea nyumbani mwako. Yuko mtu akubebeaye mzigo. Ni msichana akusaidiaye kazi za nyumba, ni kijana akuchungiaye ng'ombe, ni vibarua waliojenga kanisa letu jipya. Je, jina lake walijua, au wamwita "wewe" tu? Mshahara wake umemlipa, au umemwahidi kama Lugard alivyomwahidi Waiyaki? Na akija mtu mlangoni pako amekimbia mateso, mke aliyepigwa, mtoto aliyefukuzwa, utasema, "Wakubwa hawapendi," au utampisha ndani kama watu wa Rabai?

Na wewe ambaye leo umepandisha bendera ya Ikabodi nyumbani mwako, kwa sababu aliyekutangulia njiani hakurudi, nakusihi usiishushe kwa aibu. Bwana aona sababu yake. Lakini usifunge kitabu hapo. Soma sura inayofuata.

Wazee wa kanisa, kodini basi. Pitieni Kengeleni, mpande Rabai, msimame Taru, mnyamaze Kibwezi, mpande Nzaui, mwende Thogoto, mkafike Mumias. Chukueni Biblia, maji ya kutosha, na mzee mmoja mwenye kumbukumbu. Na watoto wakiuliza, msiwafiche chochote.

Tuombe. Ee Mungu wa baba zetu, uliyetembea katika njia hii pamoja na wapagazi tusiowajua kwa majina, twakushukuru kwa kila mguu ulioleta habari njema. Utusamehe minyororo iliyopita katika njia iyo hiyo. Utupe macho ya kuona, na ujasiri wa kuuliza, na mioyo ya kuiendea njia iliyo njema, tupate raha nafsini mwetu. Wakumbuke walio safarini leo, na wenye mizigo mizito. Kwa Yesu Kristo, aliye Njia. Amina.